UZI: Ron Taylor, mchoma samaki aliyegeuka mpiga picha wa chini ya maji, na sisi wazamiaji wa Kigoma

Mzamiaji wa Katonga:

Wakuu, salaam kutoka mwisho wa reli. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome usiku.

Naishi kwa kupiga video za harusi na maulidi hapa Mwanga na Ujiji. Kabla ya hapo nilikuwa nazamia Ziwa Tanganyika kukamata samaki wa mapambo, wale wadogo wenye rangi wanaosafirishwa kwenda kufugwa kwenye matangi ya vioo huko nje. Kwa hiyo maji nayajua na kamera naijua, na vijana wa Katonga na Bangwe hawaachi kuniuliza mtu anakuwaje mpiga picha wa chini ya maji. Wanadhani lazima usome chuo ng'ambo na uwe na mtaji wa kutisha. Mgeni akija Kigoma na masanduku ya kamera, wao ndio wanaobeba mitungi, wao ndio wanaoonyesha mwamba gani una samaki gani, halafu majina yanayopita mwishoni mwa filamu si yao. Inaniuma, ndiyo maana naandika.

Nasema mapema ili mjue naelekea wapi: kazi hii hutoka majini kwenda kwenye kamera. Mwenye kuyajua maji atafundishwa kamera na ataelewa. Mwenye kamera asiyeyajua maji atahangaika miaka.

Ushahidi wangu ni Ron Taylor wa Australia. Alizaliwa Sydney mwezi Machi 1934. Alianza kupiga mbizi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na alichokuwa anafanya chini kule ni kuchoma samaki kwa mshale. Kwa pumzi yake tu, bila mtungi. Alikuwa hodari kiasi kwamba mwaka 1965, kwenye mashindano ya dunia yaliyofanyika Tahiti, alichukua ubingwa. Yaani mtu huyu, kabla dunia haijamjua kwa picha, ilimjua kwa kuua samaki.

Kamera alikuwa ameshaanza kuibeba wakati huohuo. Makasha ya kuzuia maji yalikuwa adimu na ya bei mbaya, kwa hiyo alijitengenezea yake mwenyewe kwa plastiki ngumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 filamu zake fupi za papa zikaanza kununuliwa na kuonyeshwa. Baadaye akaacha kabisa kuua samaki na kubaki na kamera.

Naendelea, ila ngoja kwanza niwasikie.

Mha Asilia:

Mkuu naweka kambi hapa. Ila nisaidie kidogo, kuchoma samaki na kupiga picha vinahusiana vipi? Mmoja anataka kitoweo, mwingine anataka picha.

Mzamiaji wa Katonga:

Vinahusiana sana, ndugu yangu.

Mchoma samaki anashuka na pumzi moja. Hana muda wa kumtafuta samaki, lazima ajue atatokea upande gani kabla hajatokea. Anajua samaki hukwepa kitu kinachomjia moja kwa moja. Ukimfukuza anapotea, lakini ukilala kando ya jiwe ukageuza uso kana kwamba huna habari naye, anakuja mwenyewe kukuchungulia. Anajua samaki yupi akisimamisha mapezi ya mgongoni amekasirika na yupi anajitapa tu. Ron aliingia kwenye kazi ya picha akiwa na elimu hiyo yote mwilini. Akatoa mshale, akaweka kamera, mwendo ukabaki uleule.

Chukua mfano wa kuhe. Wote mnamjua sokoni, mkubwa kuliko ndugu zake wote ziwani humu wa jamii ya sikilidi (jamii ya perege na sato), anaweza kukaribia urefu wa mkono mzima wa mtu. Kuhe wakizaa, dume na jike hukaa juu ya watoto wao wakiwalinda, na watoto hao ni wengi kama wingu. Mgeni akija kwa papara anapiga mapezi, mapovu yanamwagika, wazazi wanasogea pembeni na mara hiyohiyo samaki wengine wanavamia watoto. Picha amekosa na madhara ameshafanya. Kijana aliyekulia hapa anatua mbali kwenye mchanga, anatoa hewa kidogokidogo, anasubiri. Baada ya muda jike anarudi mahali pake. Hapo ndipo unawasha.

Mzee wa Kibirizi:

Wanangu, hamjambo. Huyu kijana anasema kweli kuhusu kuhe. Sisi enzi zetu tulitoka na lusenga, ule wavu wa kuchotea, na moto wa kuni kwenye mtumbwi, karabai zikaja baadaye, leo nyie mna taa za sola. Siku zote samaki ni yuleyule. Dagaa anafuata mwanga, mgebuka anafuata dagaa. Nimekaa juu ya maji hayo maisha yangu yote na sijawahi kuona chini ya ile taa kunatokea nini.

Mzamiaji wa Katonga:

Shikamoo mzee wangu. Umetaja picha ninayoitamani kuliko zote.

Nilishawahi kushuka chini ya taa za wavuvi usiku, kwa ruhusa ya wenye mtumbwi. Dagaa wanazunguka kama duara moja linalopumua, ubavu wao unang'aa ukigeuka na kuzimika ukigeuka tena. Halafu kutoka gizani chini mgebuka wanapanda kwa kasi, duara linapasuka, linaziba. Hicho ndicho kinacholisha Kigoma, na wavuvi wetu wengi hawajawahi kukiona. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu ili samaki wapumzike, watu walilalamika sana, na njaa walikuwa nayo kweli. Nikawaza: laiti tungekuwa na filamu ya kuonyesha pale Kibirizi jioni, mtu aone kwa macho yake anachosubiri kizaliane.

Mzee wa Kibirizi:

Marahaba mwanangu. Hiyo ukiipata uilete, tutakaa wote tuitazame.

Nyamwezi wa Tabora:

Sisi wa bara huku ziwa letu ni Igombe tu, mtusamehe. Mkuu, huyu Ron ndiye yule wa filamu ya Jaws? Mimi nilijua yule papa ni mashine.

Mzamiaji wa Katonga:

Mashine ilikuwepo, na ilisumbua sana ikiingia maji ya chumvi. Lakini kwenye ile sehemu ya kizimba cha chuma chini ya maji kuna papa hai, na aliyewapiga picha hao ni Ron na mkewe Valerie, kule Australia Kusini. Ila kuna hatua moja kabla ya hapo ambayo huwezi kuiruka.

Mwaka 1969 Mmarekani Peter Gimbel alikusanya wazamiaji wapiga picha kwenda kumtafuta papa mweupe mkubwa, wakiwemo Ron, Valerie na Stan Waterman. Walianzia Durban, kwenye bahari yetu hii ya Hindi. Wakati ule Durban kulikuwa na kazi ya kuvua nyangumi, na mizoga yake ilivuta papa wa bahari kuu kwa makundi. Wakashushwa ndani ya vizimba. Kisha wakafungua milango wakatoka, wakaogelea nje katikati ya papa waliokuwa wanakula. Hakuna mtu aliyekuwa amefanya hivyo mbele ya kamera. Filamu ilitoka mwaka 1971.

Nawaomba mlitazame tukio hilo kwa jicho la kazi. Papa wale huja, hugusa, husukuma kwa pua ili kujua wewe ni kitu gani. Ukirudi nyuma umejitangaza kuwa windo. Wale wanne watano waliokuwa nje walijifunza palepale kusimama imara na kumsukuma papa kwa kamera yenyewe. Sasa niambieni, hilo mtu anajifunza wapi? Kuna darasa gani lenye somo hilo? Lilitoka kwenye miaka ya kukaa majini na samaki mkubwa aliyejeruhiwa akivuja damu mkononi, na papa wakija kumnyang'anya.

Sasa Jaws. Mwaka 1974 waandaaji walihitaji papa mweupe halisi. Tatizo ni kipimo: papa wa hadithi alitakiwa awe na zaidi ya mita 7, na wale wa pale Dangerous Reef, Australia Kusini, walikuwa wa mita 4 hivi. Wakatengeneza kizimba kidogo kuliko cha kawaida, wakamtafuta mtu mfupi sana, Carl Rizzo, avae nguo za mzamiaji akae ndani, ili papa aonekane jitu. Mnajua kuwa maji yenyewe hudanganya macho: kitu ukikiangalia kupitia kioo bapa cha miwani huonekana kikubwa kwa theluthi nzima na karibu kuliko kilipo. Wazamiaji wetu hulijua hili kwa mkono, mgeni akinyoosha kushika konokono anashika maji.

Siku moja Rizzo akiwa bado juu ya boti, papa alijinasa kwenye nyaya zilizoshikilia kizimba kitupu. Akajitupa, akakikunjakunja kile chuma, akazama nacho. Ron alikuwa chini na kamera yake inakimbia. Picha ile ilikuwa kali kuliko chochote walichopanga, lakini kizimba hakikuwa na mtu! Kwenye kitabu kilichozaa filamu hiyo, yule mtaalamu wa samaki, Hooper, anauawa ndani ya kizimba. Waandaaji wakaona hawawezi kuitupa picha ile, wakabadilisha hadithi: Hooper akachomoka, akajificha chini, akapona. Mhusika amebaki hai mpaka leo kwa sababu mpiga picha alikuwa mahali pake wakati jambo lisilopangwa linatokea.

Ukiniuliza kazi yote ya Ron Taylor iko wapi, nitakwambia iko pale. Wengine wangeona papa amechanganyikiwa wangepanda juu.

Mha Asilia:

Aisee. Nimeitazama filamu ile tangu utotoni sikujua hili. Shusha mkuu.

Mwalimu wa Ujiji:

Asante kwa uzi, kaka. Umemtaja Valerie mara mbili kwa kupita tu, na wewe mwenyewe umesema walikuwa wawili. Nina wanafunzi wa kike wanaoogelea Ujiji kuliko kaka zao. Waambie huyo mama alikuwa anafanya nini.

Mzamiaji wa Katonga:

Mwalimu, haki yako kabisa.

Valerie alizaliwa mwaka 1935. Akiwa msichana mdogo aliugua polio, na maji yakawa sehemu ya kupona kwake. Alikutana na Ron kwenye mambo hayohayo ya kuchoma samaki, naye alikuwa mshindani hodari, wakaoana mwaka 1963. Tangu hapo hawakufanya kazi mbali mbali. Mara nyingi yeye ndiye anayeonekana mbele ya kamera na papa, lakini pia alikuwa mpiga picha za mnato, mwandishi, na mwenye uthubutu wa kujaribu vitu ambavyo watu wangemkataza ndugu yao.

Mfano ni vazi la chuma. Ron alitazama glavu za nyuzi za chuma wanazovaa wachinja nyama ili kisu kisiwakate, akawaza: vipi mtu akivaa vazi zima la namna hiyo, jino la papa litapita? Vazi lilipotengenezwa, aliyeingia majini kulijaribu ni Valerie. Alimpa papa mkono wake mwenyewe, papa akauma, jino halikupita. Picha za tukio hilo zilizunguka dunia.

Na kuna upande wa pili ambao kwangu una uzito kuliko filamu. Baada ya Jaws watu waliingiwa na hofu, wakaanza kuua papa hovyo. Ron na Valerie walizunguka Marekani kwenye vipindi vya televisheni wakieleza kuwa yule ni papa wa hadithi. Nyumbani kwao walipigania papa aina ya nesi wa kijivu, mpole kabisa lakini mwenye meno ya kutisha, aliyekuwa anachomwa na wazamiaji kwa kujionyesha. Mwaka 1984 jimbo la New South Wales likampa ulinzi wa sheria, papa wa kwanza duniani kulindwa hivyo. Bingwa wa dunia wa kuchoma samaki ndiye aliyesimama kumtetea samaki, na watu walimsikiliza kwa sababu hawakuweza kumwambia hajui anachokisema.

Mwaka 1992, Ron akiwa na karibu miaka 58, walikwenda Afrika Kusini wakapiga picha papa weupe wakubwa bila kizimba kabisa. Ron alifariki Septemba 2012 kwa saratani ya damu. Mwaka 2021 ilitoka filamu kuhusu maisha ya Valerie, na humo mnaweza kuona picha nyingi za zamani alizopiga Ron. Wanafunzi wako waitafute.

Mwalimu wa Ujiji:

Nitaitafuta. Nashukuru kwa kunijibu kwa kina.

Baharia wa Kalalangabo:

Wakuu, msisahau kuwa Kigoma yetu imeshawahi kuwa na mpiga picha mkubwa wa filamu, ingawa si wa majini. Hugo van Lawick alikuja Gombe mwaka 1962 kumpiga picha mtafiti Jane Goodall na sokwe wake. Walioana mwaka 1964. Baadaye alihamia zaidi Serengeti, akafariki Dar es Salaam mwaka 2002. Mikanda yake ya Gombe, zaidi ya saa 100, ilikaa kwenye ghala mpaka ikafunguliwa na kutengenezwa filamu ya mwaka 2017. Sokwe akichokonoa mchwa kwa kijiti, dunia ililiona hilo kwa macho kupitia yeye.

Mzamiaji wa Katonga:

Baharia, umeniokoa, nilitaka kumtaja. Na unaona ni tabia ileile: Hugo alikaa na sokwe mpaka wakamzoea. Mkanda wa milimita 16 wa futi 100 hukimbia chini ya dakika tatu tu, kwa hiyo hukupiga hovyo, ulisubiri. Ron chini ya maji alikuwa na shida hiyo mara mbili, maana mkanda ukiisha huwezi kubadilisha palepale, unapanda juu, unafuta kasha likauke, unafungua, unaweka mwingine, unashuka. Samaki hakungoji.

Sasa nirudi ziwani kwetu, maana huku ndiko nilikokuwa nataka tufike.

Tanganyika ina urefu wa kilometa 673 na kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Ina aina kama 250 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani pengine popote. Maji yake ni maangavu, siku nzuri unaona mita 20 mbele yako. Wapiga picha wa nje wameshalijua hili zamani: miaka ya 1990 Mark Deeble na Victoria Stone walitengeneza filamu nzima kuhusu samaki hawa, watu haohao waliokuja kupiga tembo wa Tsavo baadaye. Alan Root naye, aliyetengeneza filamu kubwa ya chemchemi ya Mzima kule Kenya, alikuwa mtu wa Afrika Mashariki, amekulia Kenya. Aliumwa mguu na kiboko palepale Mzima akiwa kazini, na mkewe Joan alinusurika jino la kiboko lililopasua miwani yake. Nawataja ili mjue kuwa maji baridi yana filamu zake kubwa, si bahari peke yake.

Nielezee kimoja tu kwa karibu. Kuna sehemu chini kwenye mchanga, mita kumi na kitu, kumejaa magamba matupu ya konokono. Kila gamba ni nyumba. Kuna dume mmoja wa samaki wa huko ambaye hukusanya magamba hayo kwa mdomo, analibeba moja moja, analiweka kwenye rundo lake. Jike ni mdogo sana kuliko yeye, anaingia ndani ya gamba na kutagia humo. Dume la jirani likiona jirani yake kaenda mbali, linakuja kuiba gamba, wakati mwingine na jike ndani. Nililala kifudifudi pale, kidevu karibu kiguse mchanga, nikamtazama mmoja akipambana na gamba zito: anauma ukingo, anarudi kinyumenyume, anaangusha, anazunguka upande wa pili, anauma tena. Akitema mchanga unapanda kidogo kama vumbi na kutulia. Alijua nipo. Aliendelea na kazi yake. Na haya yote yako umbali wa kuogelea kutoka ufukweni!

Na kuna ngogogo mmoja wa madoadoa anayejipenyeza sikilidi wakitaga, anaacha mayai yake, yule mama anayaokota pamoja na ya kwake na kuyaatamia mdomoni. Watoto wa ngogogo huanguliwa mapema na kula wenye nyumba. Kupata picha hiyo porini ni kazi ya subira kubwa, na anayejua wanatagia jiwe gani, mwezi gani, ni kijana wa kukamata samaki wa mapambo. Ndiye mwenye nusu ya filamu kichwani.

Nyamwezi wa Tabora:

Hapo umenigusa. Rangi je? Nikiangalia video za simu za watu waliozamia naona kila kitu kibluu.

Mzamiaji wa Katonga:

Maji hula rangi, na nyekundu ndiyo huondoka kwanza. Gauni jekundu la bibi harusi ukilishusha mita kumi litaonekana la kijivu au jeusi. Dawa ni taa, na kuwa karibu. Karibu sana. Kila hatua ya maji iliyoko kati yako na samaki inakula rangi na kukuongezea vumbi linaloelea. Taa usiiweke juu ya lenzi, iweke pembeni, la sivyo inamulika yale mavumbi na picha inakuwa kama mvua ya theluji. Ndiyo maana wapiga picha wa majini hupenda lenzi pana na kioo cha mbele cha kuba: unamkaribia samaki na bado unapata mwamba wote nyuma yake.

Mha Asilia:

Na usalama? Mdogo wangu anataka kujifunza kwa kuvuta hewa ya kompresa kupitia mpira.

Mzamiaji wa Katonga:

Mwambie asianze hivyo. Hili nalisema kwa uzito wote.

Kompresa ya kupakia rangi au ya kujazia matairi haikutengenezwa kwa mapafu ya mtu. Moshi wa injini ukivutwa na kompresa unashuka moja kwa moja kwa aliye chini, na sumu iliyomo kwenye moshi ule haina harufu, unalala tu. Halafu kuna naitrojeni: ukikaa chini sana ukapanda haraka, hewa iliyoyeyuka kwenye damu inatoa mapovu kama soda iliyofunguliwa, viungo vinauma, mtu anaweza kupooza. Na wengi hawajui kuwa ziwa letu liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo majedwali ya kuzamia (ya muda wa kukaa chini kwa kila kina) yaliyopangwa kwa bahari lazima yarekebishwe. Aanze na pumzi, miwani na mapezi, kwenye maji ya mita tatu nne. Kuna picha tele hapo. Mtungi afundishwe na mwalimu mwenye cheti.

Mamba nao wapo, uliza wenyeji kabla ya kuingia ufukwe usioujua, hasa karibu na midomo ya mito. Na Mahale, hifadhi inaingia ziwani kama kilometa moja na nusu hivi, kwa hiyo huko ni vibali vya TANAPA kwanza.

Fundi wa Gungu:

Mkuu, mimi ni fundi vioo na plastiki. Nimesoma yote. Umesema Ron alijitengenezea kasha. Hili linawezekana hapa? Nina plastiki ngumu angavu, za unene tofauti, mabaki ya mabango.

Mzamiaji wa Katonga:

Fundi, nilikuwa namngoja mtu kama wewe kuanzia mwanzo wa uzi.

Inawezekana, ila tufanye hesabu. Kila mita 10 za maji zinaongeza karibu kilo moja kwa kila sentimeta mraba. Mita 20 ni kilo mbili. Ukuta wa kasha wenye sentimeta 20 kwa 20 una sentimeta mraba 400, kwa hiyo unasukumwa na kilo 800. Plastiki nyembamba ya bango itabonyea, kamera itaonekana nzima lakini vitufe vitajibana vyenyewe, halafu kona itafunguka. Tufanye kasha dogo kadiri kamera inavyoruhusu, kuta ziwe nene, na tukubaliane lisishuke na kamera ndani zaidi ya mita 10 mpaka tuliamini.

Fundi wa Gungu:

Nina ya milimita 12. Kona nagundisha kwa gundi ya kuyeyusha, si silikoni. Mfuniko je?

Mzamiaji wa Katonga:

Milimita 12 tuanze nayo. Mfuniko ukae kwenye ringi ya mpira iliyolala ndani ya mfereji, na mfereji uwe laini kabisa. Unywele mmoja au punje ya mchanga chini ya ringi inatosha kuingiza maji. Ringi ipakwe grisi ya silikoni kidogo tu, si ya gari, ile inaharibu mpira. Vibano viwe vinne, vikaze sawasawa. Maji yenyewe yakishuka yataubana mfuniko zaidi, hatari kubwa iko kwenye mita mbili za kwanza ambapo presha bado ni ndogo.

Kamera haiingii siku ya kwanza. Tunaweka karatasi ya chooni kavu ndani, tunafunga jiwe, tunashusha kwa kamba kutoka kwenye mtumbwi, tunaliacha usiku kucha. Asubuhi tukikuta karatasi kavu tunarudia mara ya pili kwa mita 20, halafu ndipo tuzungumzie kamera.

Fundi wa Gungu:

Sawa. Niletee vipimo vya kamera yako Jumatatu, na lenzi ikiwa imechomoza mpaka mwisho. Kioo cha kuba sina, tutaanza na bapa.

Mwalimu wa Ujiji:

Na mimi naomba nije na wanafunzi wawili kuona mkishusha. Wanajua kuogelea vizuri.

Mzamiaji wa Katonga:

Waje, Mwalimu. Waje na maboya ya kuvaa kila mmoja, na barua ya wazazi. Fundi, Jumatatu saa nne asubuhi niko kwako.